Walemba na wageni wao: kisa cha jamii iliyoombwa irudi ilikotoka

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wanaofanya kazi na jamii zenye asili ya Kiyahudi, au zinazojitambua hivyo, ambazo zimetawanyika mbali na masinagogi na mara nyingi mbali zenyewe kwa zenyewe. Kilitokea kusini mwa Zimbabwe. Majina ya watu, wilaya na koo zilizohusika yameondolewa, na mambo machache ya kifamilia yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Historia ya Walemba kwa jumla imeachwa ilivyo. Hiyo inajulikana, na bila hiyo kisa hakieleweki.

Mimi nilihusika upande wa kumbukumbu za sauti: kurekodi, kupanga na kuhifadhi. Katika mambo ya dini sikuwa na usemi wowote, na pengine ndiyo sababu kila upande ulikuwa huru kunilalamikia.

Usuli

Walemba, ambao Zimbabwe huitwa Varemba, ni makumi ya maelfu ya watu. Wako Mberengwa, Gutu, Buhera na sehemu nyingine za kusini na kati ya nchi hiyo. Wengine wako mkoa wa Limpopo, Afrika Kusini, na wachache Msumbiji na Malawi. Wanazungumza lugha za majirani zao, Kikaranga, Kivenda na kadhalika, na ukiwakuta sokoni huwezi kuwatofautisha na mtu mwingine yeyote. Tofauti yao iko kwenye chakula, jando na ndoa. Hawali nguruwe wala kibudu. Mnyama lazima achinjwe na mwanamume wa kwao aliyetahiriwa, damu imwagike. Katika kutahiri ni mabingwa wanaojulikana, hata majirani wamewahi kuwapelekea vijana wao. Na katika ndoa wana kanuni moja ambayo msomaji aishike vizuri, kwa sababu kisa chote kitaizunguka: mwanamume wa nje hawezi kuwa Mlemba hata afanye nini, lakini mwanamke wa nje anaweza kuolewa akishapitishwa kwenye mafunzo na utakaso, na watoto wake ni Walemba kamili. Ukoo ni wa baba.

Simulizi yao inasema mababu walitoka Sena, ng'ambo ya bahari, wakaja kwa majahazi wakiwa wafanyabiashara. Sena hiyo iko wapi ni mjadala wa zamani. Kuna Sena iliyo kando ya Zambezi, Msumbiji, na kuna wanaoitafuta Yemen. Mtafiti Tudor Parfitt aliifuatilia simulizi hii hadi Hadhramaut, Yemen. Halafu kuna koo zenyewe: Hamisi, Sadiki, Selemani, Bakari. Kwa msomaji wa Kiswahili majina hayo hayahitaji mkalimani. Dhahabu ya nyanda za Zimbabwe ilishuka Sofala, bandari iliyo pwani ya Msumbiji ya leo, na Sofala kwa muda mrefu ilikuwa chini ya Kilwa mpaka Wareno walipoingia mwaka 1505. Mtu akisema Walemba ni mabaki ya wafanyabiashara wa pwani yetu hajakosea sana. Ubishi ni kama miongoni mwa wafanyabiashara hao walikuwamo Wayahudi wa Uarabuni.

Vinasaba vimesaidia kidogo na kuchanganya kidogo. Mwaka 1996 Amanda Spurdle na Trefor Jenkins walionyesha kwamba sehemu kubwa ya kromosomu Y za wanaume wa Kilemba, zile zinazorithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, asili yake ni Mashariki ya Kati. Mwaka 2000 timu nyingine ikakuta kwa baadhi yao alama inayoonekana sana kwa makohani wa Kiyahudi, yaani wale wa nasaba ya kikuhani, hasa katika ukoo wa Buba, ambao simulizi inasema ndio uliowaongoza wengine safarini. Habari hiyo ilizunguka dunia. Mwaka 2013 utafiti wa Himla Soodyall, uliotumia alama za kina zaidi, ukasema asili ya Mashariki ya Kati ipo kweli, lakini ushahidi hautoshi kusema ni ya Kiyahudi hasa. Habari hii ya pili haikuzunguka hivyo. Upande wa mama, asili ni ya Kiafrika.

Walemba wengi leo husali makanisani. Na tangu miaka ya 1960 wamekuwa wakifikiwa pia na walimu wa Kiislamu wanaowaambia kwamba wao ni Waislamu waliosahau dini yao. Familia kadhaa zimeitikia. Mila zilezile, chinjo, tohara, nguruwe, zinasomwa na Myahudi kama Torati na zinasomwa na Mwislamu kama Uislamu. Mlemba mwenyewe, asipoulizwa, husema ni mila za baba zake.

Ombi

Kamati ya utamaduni ya wilaya ile ilituandikia barua kuomba msaada wa kuunganishwa upya na asili yao. Barua ilikuwa moja. Tulipofika na kuketi na watu, tukakuta ndani yake mna maombi yasiyofanana.

Wazee walitaka jando lisife. Kampeni ya tohara ya hiari ya kuzuia VVU, iliyoanza Zimbabwe mwaka 2009, ilikuwa imewafikia vijana wao: mtoto anatahiriwa zahanati, anarudi nyumbani jioni, na mafunzo yote ya porini yamempita. Vijana waliosoma walitaka kutambuliwa na Wayahudi wa dunia, wajifunze Kiebrania, na baadhi yao, bila kulisema kwa sauti, walikuwa wanaifikiria Israeli. Ndugu zao wa Johannesburg walitaka vipimo vya vinasaba. Wanawake hawakuandika chochote, kwa sababu kamati ilikuwa ya wanaume watupu. Baadaye ilijulikana kwamba walikuwa na jambo zito kuliko wote.

Kabla hatujamaliza kulielewa ombi, kundi la wageni waliokuwa wamewasiliana moja kwa moja na vijana kupitia simu likawa limeshakata tiketi.

Yaliyotokea

Wageni walikuwa Wayahudi kutoka Ulaya na Amerika Kaskazini, watu wa makamo wenye moyo mwema, na pamoja nao kijana mmoja aliyekuwa anasomea urabi. Walileta maboksi ya vitabu vya sala, shali za kusalia, vinara vya Hanuka na vile vikofia vya utosini. Walikuja na bango la kitambaa linalowakaribisha nyumbani ndugu waliopotea. Mzee mmoja aliomba atafsiriwe, akasikiliza, akauliza kwa upole: “Nani alipotea? Sisi tuko hapa na makaburi yetu yako pale.” Wakacheka wote, wageni pia. Bango halikuonekana tena.

Siku ya pili kamati ilichinja ng'ombe. Aliyeshika kisu alikuwa mzee ambaye familia yake imechinja kwa ajili ya jamii kwa vizazi. Alifanya kila kitu kama kinavyopaswa. Nyama ilipoletwa, wageni waliosimamia sana sheria ya chakula walieleza kwamba wao hawawezi kula, maana mchinjaji lazima awe Myahudi aliyefunzwa na kuidhinishwa, na kisu kikaguliwe kwa namna maalumu. Walifungua makopo waliyokuja nayo. Walisema kwa adabu zote, na kwa sheria yao hawakuwa na njia nyingine. Lakini mtu wa pwani atajua uzito wake: ni kama kumwambia sheikh wa mtaa, mbele ya wanafunzi wake, kwamba alichochinja si halali. Mzee hakusema neno. Alikwenda kukaa na wapishi.

Jambo la tatu ndilo lililopasua. Mwanafunzi wa urabi alianza masomo kwenye darasa la shule ya msingi, na darasa lilijaa. Msichana mmoja wa kidato cha juu akauliza: mama yangu ni Mkaranga, alipitishwa unyagoni ndipo akaolewa na baba, kwa sheria yenu mimi ni nani? Kijana yule alikuwa mkweli. Akasema kwa halakha, sheria ya dini ya Kiyahudi kama inavyofuatwa na Wayahudi wa Kiorthodoksi, mrengo unaoishika kwa ukali, mtoto humfuata mama, na kwa hiyo yeye, na kwa kweli karibu kila mtu mle ndani, angehitaji kuongoka ili ahesabiwe Myahudi. Akaongeza kwamba mlango uko wazi kwa yeyote.

Alidhani anawafungulia. Waliokuwamo walisikia kwamba mababu zao wametangazwa batili. Kanuni iliyowalinda kwa karne nyingi katikati ya mataifa mengine, ukoo wa baba, ndiyo iliyokuwa inawatoa nje. Mwenyekiti wa kamati aliinuka akasema kikao kimekwisha.

Wiki zilizofuata mambo yalimwagika nje ya darasa. Jumapili moja mchungaji ambaye naye ni Mlemba alihubiri juu ya wanaomwacha Kristo kwa ajili ya nasaba, na familia zikaanza kubaguana kwenye misiba. Binamu mmoja aliyesilimu alikuja na swali ambalo hakuna aliyelijibu vizuri: “Kama ninyi ni Wayahudi, babu zenu waliitwaje Hamisi?” Vijana nao waligundua mtandaoni kwamba Wayahudi wenyewe hawana sauti moja, Wayahudi wa mrengo wa Reform huko Marekani waliamua tangu mwaka 1983 kumkubali mtoto wa baba Myahudi aliyelelewa katika dini hiyo, na Wakaraimu, Wayahudi wanaofuata maandiko bila mapokeo ya marabi, huhesabu kwa baba. Wakaja mkutanoni wakiwa na hasira mpya: mbona hatukuambiwa?

Wageni waliondoka kama walivyopanga. Maboksi yalibaki ofisini kwa mwalimu mkuu.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha masomo ya Kiebrania hadi mavuno yapite, na kuanza kurekodi wazee. Vijana waliupinga vikali. Kwao ilikuwa kurudi nyuma. Hoja iliyoshinda ilitoka kwa mwalimu kijana, yeye mwenyewe mpenzi mkubwa wa Kiebrania. Alisema vitabu vile vya sala vinapatikana duniani kote na vitapatikana mwakani, lakini babu yake ana miaka zaidi ya themanini.

Namna ya kurekodi ilibishaniwa kuliko nilivyotarajia. Walikubaliana kwamba wanaohoji watakuwa vijana wa jamii yenyewe, kwa lugha ya nyumbani. Wanawake watahojiwa na wanawake. Na mambo ya ndani ya jando na unyago hayatarekodiwa kabisa, hata kwa ahadi ya kufungiwa. Mimi nilikuwa na wasiwasi na hili la mwisho, kwa kuwa ndilo lililo hatarini zaidi. Mzee mmoja akanijibu: “Mwanangu, kikirekodiwa si jando tena, ni hadithi ya jando.” Nikasema sawa, Sekuru, yaani babu, tukaendelea.

Ilikuwa katika kurekodi majina ya koo ndipo pwani ilipojitokeza. Mwenzangu kwenye timu ni mtu wa Tanga. Bibi mmoja alipotaja Sadiki, Bakari, Hamisi, yule bwana akasema hayo yamejaa mtaani kwao. Bibi akamtazama kwa mashaka na kuuliza, “Mliyapata wapi majina yetu?” Tangu hapo wazee walipendezwa na habari za Kilwa na Sofala kuliko za Yerusalemu, jambo lililowakera vijana. Pia lilifanya jambo jema: liliwapa wote, Mkristo, aliyesilimu na mwenye kofia ya utosini, sehemu ya hadithi wanayoweza kuisimulia pamoja bila kugombana.

Uamuzi wa pili ulihusu vinasaba. Ndugu wa Johannesburg walikuwa tayari kulipia vifaa. Kamati ilikataa upimaji wa pamoja na kumwachia kila mtu mzima uhuru wake. Sababu zilizoandikwa kwenye muhtasari ni nzuri kuliko nilizosoma kwenye miongozo mingi. Kipimo cha kromosomu Y hakimhusu mwanamke hata mmoja. Ukoo mmoja ukipata alama ya makohani na mwingine usipate, koo ambazo leo huoana kwa usawa zitaanza kupimana. Matokeo yakiwa mabaya hayataondoa jando, na yakiwa mazuri hayatafungua mlango wowote, kwa kuwa kwa rabi wa Kiorthodoksi karatasi ya maabara ya namna hiyo haitoshi peke yake. Na wataalamu wenyewe, kati ya mwaka 2000 na 2013, hawakusema jambo moja.

Wa tatu ulikuwa mgumu: msimamo wa jamii juu ya kuongoka. Walitaka kujua wengine walifanyaje, tukakaa na mifano. Abayudaya wa Uganda, karibu na Mbale, hawadai nasaba. Walianza mwaka 1919 na Semei Kakungulu aliyeshika Torati kwa kuisoma, na mwaka 2002 mamia yao waliongolewa rasmi na marabi wa mrengo wa Conservative. Kwao kuongoka hakukumfuta babu yeyote. Bnei Menashe wa kaskazini mashariki ya India wanadai kutokana na kabila la Manase. Mwaka 2005 rabi mkuu Shlomo Amar aliwatambua kuwa wazao wa Israeli, lakini bado walipaswa kuongoka. Mfano wa Ethiopia uliwagusa zaidi. Beta Israeli walikuwa wametambuliwa na rabi Ovadia Yosef mwaka 1973, wakasafirishwa kwa maelfu kwenda Israeli mwaka 1984 na 1991, na bado walipofika wakatakiwa wapitie ibada ya kuzamishwa majini kana kwamba Uyahudi wao una shaka, hata wakaandamana mwaka 1985. Mwenyekiti alisoma hilo mara mbili.

Kuhusu Israeli kulikuwa na jambo la sheria lililohitaji kusemwa waziwazi. Sheria ya Kurejea ya mwaka 1950, inayompa Myahudi haki ya kuhamia Israeli na iliyopanuliwa mwaka 1970, humfikia mtoto na mjukuu wa Myahudi, na Mlemba hana karatasi ya kumwonyesha babu wa aina hiyo. Kijana aliyekuwa ameacha kazi akisubiri safari alihitaji kuambiwa hivyo mapema, na hakuwa ameambiwa na yeyote.

Kamati ikaamua: jamii kama jamii haitaongoka wala kuomba kuongolewa, kwa kuwa inajihesabu tayari kuwa ilivyo. Mtu au familia itakayotaka kuongoka itakwenda yenyewe kwa marabi inaowachagua, kwa gharama yake, na haitapoteza nafasi yake jandoni wala makaburini. Kadhalika aliye kanisani na aliyesilimu.

Uamuzi wa nne ulikuwa wa fedha. Wafadhili wa wale wageni walituma pesa za kujenga sinagogi. Mimi na wenzangu tulipendekeza zisubiri. Kamati iliona kukataa zawadi ni utovu wa adabu, ikazipokea, na ujenzi ukaanza kwenye kiwanja cha ukoo wa mwenyekiti kwa sababu ndicho kilichokuwa na hati.

Matokeo

Jando lilifunguliwa msimu wa baridi uliofuata, na wavulana walikuwa wengi kuliko miaka ya karibuni. Muuguzi wa kiume, Mlemba aliyetahiriwa jandoni, alikubaliwa kuingia porini na vifaa vya zahanati. Wakataji na wazee wanakaa pamoja sasa. Wizara ina tarakimu zake na wazee wana vijana wao.

Rekodi zipo, nakala moja kwa kamati na moja kwenye hifadhi nje ya wilaya. Familia moja ilihamia Johannesburg na kuanza masomo ya kuongoka. Nyingine, ya watu waliokuwa mstari wa mbele kabisa kwenye darasa la Kiebrania, imesilimu. Wengi wanaendelea na kanisa. Mwalimu kijana alipata kazi Afrika Kusini, na masomo ya Sabato aliyoyafufua kidogo baada ya mavuno yalikufa alipoondoka.

Jengo limefika usawa wa madirisha. Koo nyingine haziendi pale. Fedha ziliisha, na kila anayeombwa kuchangia huuliza kiwanja ni cha nani.

Na wanawake. Walipohojiwa na wanawake wenzao walisema lililokuwa linawasumbua: mabinti zao. Binti wa Kilemba akiolewa nje, watoto wake si Walemba, na vijana wa Kilemba walio mijini wanaoa watakao. Bibi mmoja alisema sheria ya wageni ya kumfuata mama ilimuudhi kama ilivyowaudhi wanaume, lakini usiku aliifikiria tena na kuona kwamba kwa sheria hiyo wajukuu wake wa Bulawayo wangehesabiwa. Kauli hiyo iko kwenye rekodi. Kamati imeisikiliza. Bado haijawahi kuiweka kwenye ajenda.

Uchambuzi

Kilichosaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni kutenganisha maswali. Mwanzoni kila mtu alikuwa na swali moja kubwa, je, sisi ni Wayahudi, na kila jibu liliumiza mtu. Lilipogawanywa, likahimilika. Mababu walitoka wapi ni swali la historia, na jibu lake linapita Sofala na huenda Yemen. Rabi fulani atamhesabu nani ni swali la dini ya rabi huyo. Nchi fulani itampa nani pasipoti ni swali la bunge lake. Na mtu anajiona nani anaposhika kisu cha kuchinjia, hilo halimngoji mtu yeyote. Shirika linalokwenda kwa jamii ya namna hii likiwa limeyafunga yote manne katika furushi moja litaleta ugomvi hata likiwa na watu wema kiasi gani.

Mpangilio wa hatua nao ulifaa. Kurekodi kabla ya kufundisha kuliwarudisha wazee kwenye kiti chao baada ya aibu ya siku ya ng'ombe. Mchinjaji yule alihojiwa kwa siku nzima juu ya visu, na baada ya hapo alianza tena kuja mikutanoni. Kama hatua hii ingetangulia ziara, nadhani wageni wangeshauriwa kuja na mchinjaji wao, au kusema tangu mwanzo kwamba hawali nyama, na sherehe ingekuwa ya maziwa na karanga.

Simlaumu mwanafunzi wa urabi kwa jibu lake. Kumdanganya msichana yule kungekuwa kubaya zaidi. Kosa lilikuwa la waliomtuma: walimweka peke yake mbele ya jamii nzima kujibu swali ambalo marabi wakubwa huliandikia kurasa, tena bila kumwambia kwamba Wayahudi wengine hulijibu vingine. Na walidhani “mlango uko wazi” ni habari njema kwa mtu anayeamini yuko ndani.

Jengo limeshindwa kwa sababu za kawaida kabisa za kijijini, ardhi na ukoo, na mtu yeyote aliyewahi kujenga zahanati au kisima angeliona likija. Lakini lilikuwa na kasoro nyingine pia. Sinagogi huhitaji watu wanaosali ndani yake kila wiki. Jamii hii ibada yake iko kwenye chinjo, jando, mwezi mwandamo na mazishi. Walijengewa nyumba ya ibada wasiyokuwa nayo, na pori la jando, ambalo wanalo na linamegwa na mashamba kila mwaka, halikupata senti.

Kamati ya wanaume watupu ilikuwa udhaifu tangu barua ya kwanza. Wote tuliouona tuliuchukulia kuwa desturi ya mahali. Hoja nzito kuliko zote katika kisa hiki, ya wajukuu wa Bulawayo, ilichelewa kusikika kwa sababu hiyo, na ikasikika tu kwa kuwa wazee walisisitiza, kwa sababu zao za staha, kwamba wanawake wahojiwe na wanawake.

Upande wa waliosilimu haukushughulikiwa vya kutosha. Swali la binamu juu ya jina la Hamisi lilistahili kikao kamili. Kwa karne nyingi Wayahudi wa Yemen waliishi wakizungumza Kiarabu na kubeba majina yaliyofanana na ya jirani zao Waislamu, na pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa ya Waislamu kabla Wareno hawajafika. Jina pekee halithibitishi dini ya aliyelibeba, upande wowote ule. Hilo lingeweza kusemwa mbele ya wote. Halikusemwa, kwa hofu ya kuchochea, na matokeo yake kila upande uliendelea kulisema nyumbani kwake kwa namna inayoupendelea.

Jambo la mwisho ni la wageni wote wa namna hii, si wale tu. Karibu kila mmoja huanza kwa kuuliza habari za ngoma lungundu, chombo kitakatifu cha mbao cha Walemba ambacho Parfitt alikikuta mwaka 2007 kwenye hifadhi ya makumbusho Harare, na ambacho vipimo vilionyesha kilitengenezwa mnamo mwaka 1350. Ni kitu cha ajabu kweli. Lakini kwenye wilaya ile kuna mabibi wanaojua utaratibu mzima wa kumwingiza mwanamke wa nje katika Ulemba, sheria ya uongofu kamili, yenye masharti, mafunzo na mashahidi, na wageni wote wale waliokuja kuzungumza juu ya kuongoka hakuna aliyewauliza.

Ubishi unaoendelea sasa ni wa nakala. Ndugu wa Johannesburg wanataka rekodi zote zitumwe kwa simu. Kamati imejibu kwamba za mikutano ya hadhara zitatumwa, lakini za wazee anayezitaka aje azisikilize nyumbani. Wa Johannesburg wamesema hiyo ni dharau, nao ndio wanaolipa ada za shule. Kikao cha kuamua kimeahirishwa mpaka jando lifungwe, kwa sababu kwa sasa wenye usemi wote wako porini na simu haziruhusiwi huko.